Ruhusa ya Bibi Ghala

Hospitalini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kufuli, na alishazoea kiasi kwamba siku mtu akimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, aligeuka nyuma kuona ni nani anaitwa. Jina hilo lilitokana na kazi. Picha zote zilizopigwa pale, za mifupa, za vifua, za matumbo ya wajawazito, zilihifadhiwa kwenye mashine zilizojaa chumba kimoja chenye baridi kali, na mashine hizo zilisimamiwa kupitia mfumo mmoja wa kompyuta ambao wafanyakazi waliuita ghala. Kufuli ndiye aliyeamua nani aingie ghalani, na akishaingia aishie wapi. Wengi walipewa ruhusa ya kutazama tu. Wachache waliruhusiwa kuongeza nafasi na kuhamisha picha. Watu watatu pekee ndio waliokuwa na ruhusa kamili, ile ya kusimamisha hifadhi nzima au kuifuta. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kutoa ruhusa, kuiondoa, na kufuatilia kila mmoja anafanya nini huko ndani, maana mfumo uliandika kila kitu: nani kaingia, kwa kompyuta ipi, kabonyeza nini.

Wenzake walimtania sana. Akiingia kantini, wanasimama na sahani zao mkononi wakisema, "Tunaomba ruhusa ya kula." Naye huwaambia wale tu, ila wasifute.

Katika wale watatu wenye ruhusa kamili, mmoja alikuwa mkuu wa kitengo, wa pili fundi wa zamu, na wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa Bibi Ghala. Huyo Bibi Ghala alikuwa shangazi yake Kufuli, tumbo moja na marehemu baba yake. Wazazi wa Kufuli walipofariki, yeye akiwa hajaanza hata shule, shangazi alikuja na mkoba mmoja, akamfungia mtoto viatu, akamshika mkono wakaondoka. Hakuolewa tena baada ya hapo wala hakuzaa. Alipoulizwa alisema mtoto anaye, na huyo mmoja tu keshamtoa jasho la kumtosha.

Jina la Bibi Ghala lilikuwa la tangu enzi za picha za karatasi ngumu, zilizokaa kwenye bahasha za kaki zilizopangwa hadi darini. Wakati huo yeye ndiye aliyepanda ngazi na kushuka na bahasha kabla daktari hajamaliza kutamka namba. Kompyuta zilipokuja, watu wa rika lake walihamia mapokezi au wakastaafu. Yeye alijifunza. Alijifunza mpaka akawa anawafundisha waliotumwa kumfundisha.

Kufuli alipoajiriwa kitengo cha usalama, siku ya kwanza kabisa alitamka mbele ya mkuu kwamba yule pale ni shangazi yake, amemlea. Mkuu akasema vyema, jambo lolote likimgusa Bibi Ghala utaniletea mimi. Miaka ikapita bila jambo lolote.

Waliishi pamoja, vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya shule. Asubuhi shangazi ndiye aliyeamka kwanza na kuchemsha chai. Siku za karibuni alikuwa na mtindo wa kumimina huku kidole kimeingia kidogo ndani ya kikombe, na Kufuli aliwahi kumwambia ataungua.

"Naangalia joto," shangazi alimjibu.

Halafu alikuwa anamsukumia simu mezani. "Hebu nisomee huu ujumbe, mwanangu. Miwani sijui nimeitupa wapi."

Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake. Kufuli alimwambia, wakacheka wote wawili, na bado Kufuli ndiye aliyesoma.

Basi ikawa wiki moja mfumo wa ghala ukabadilishwa. Toleo jipya lilikuwa na sura nyingine kabisa, vitufe vimehamishwa, rangi zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Wahusika wote waliitwa mafunzo ya nusu siku. Bibi Ghala alikaa kiti cha nyuma, mikono kifuani, na alipoulizwa kama ana swali alisema hana, ameelewa. Kila mtu aliona ni kawaida yake. Mtu wa mafunzo ndiye aliyeonekana kuwa na wasiwasi asije akaulizwa yeye.

Jumanne iliyofuata, kabla ya saa ya mapumziko, simu zilianza kulia kitengoni. Wodi ya watoto hawaoni picha. Daktari wa upasuaji alikuwa na mtoto aliyemeza sarafu. Picha imepigwa, imefika kwenye skrini, na daktari akiwa anaitazama imetoweka. Si hiyo tu, picha zote za wodi ile zilikuwa hazipo. Bibi Ghala alisimama katikati ya chumba, akaanza kugawa kazi kwa sauti tulivu, huyu aangalie nyaya, yule aangalie mashine ya akiba. Jirani yake wa mezani, fundi mmoja aliyeitwa Mlingoti kwa sababu alikuwa akiinama kila mlango, ndiye aliyegundua kwamba mashine hazina ubaya wowote. Hifadhi ya watoto imesimamishwa. Kuna mtu kaisimamisha.

Mkuu aliiwasha tena kwa mkono wake mwenyewe na picha zikarudi zote. Lakini mtoto wa sarafu alikuwa ameshapigwa picha mara ya pili huku analia, na daktari alikuja hadi kitengoni kusema maneno ambayo hayasemwi mbele ya watoto.

Kufuli alifungua kumbukumbu za mfumo kuona amri ile imetoka wapi. Imetoka kwenye akaunti ya Bibi Ghala. Kompyuta ya mezani kwake. Neno la siri sahihi.

Alikaa kidogo, akanywa maji, akaenda kwa mkuu kama walivyokubaliana.

Bibi Ghala aliitwa. "Mimi sijasimamisha kitu," alisema, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu asiye na la kuficha. "Nilikuwa naangalia kama picha za asubuhi zimeingia. Basi."

Mkuu alimwamini. Nani asingemwamini? Mama huyu hakuwahi kukosea hata tarehe. Alipotoka, mkuu alifunga mlango akamgeukia Kufuli. "Huyu Mlingoti si aliomba ruhusa kamili juzijuzi, ukamnyima?"

"Aliomba. Hakuwa na sababu ya kutosha."

"Na anakaa mkono kwa mkono na shangazi yako. Mama akienda kunywa maji, kompyuta inabaki wazi. Mfungie Mlingoti mpaka tujue. Bibi Ghala abadilishe neno la siri, inatosha."

Kanuni Kufuli aliijua kwa moyo, maana ndiye aliyeiandika: akaunti iliyotoa amri ndiyo inayofungwa kwanza, iwe ya nani. Hata hivyo hakuitaja. Alirudi mezani kwake akamfungia Mlingoti, na shangazi akabaki na ruhusa yake kamili.

Alasiri Mlingoti alikuja, akainama mlangoni, akasimama bila kukaa.

"Kufuli, mimi wenzangu wakisahau kompyuta wazi nawafungia. Sijawahi kugusa ya mtu."

"Najua."

"Unajua, au unanipoza?"

Mlingoti alitikisa kichwa, akaenda kukaa mezani kwake mbele ya skrini isiyomfungukia, na watu wakawa wanapita pembeni yake kama wanazunguka dimbwi.

Siku mbili tatu Kufuli hakuwa na raha. Chai haikupita, usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Alichunguza kila kitu kuhusu Mlingoti na hakupata hata chembe. Ndipo alipojilazimisha kufanya lile alilokuwa analikwepa, kufuatilia nyayo za shangazi yake mwenyewe, tangu kabla ya mfumo kubadilishwa.

Mtu akifanya kazi ghalani kwa miaka, huwa na mwendo wake, na anayefuatilia hujua mwendo huo kama anavyojua kikohozi cha jirani. Mwendo wa shangazi ulikuwa huu: anaingia, anabonyeza kuonyesha upya ili picha mpya zijitokeze, anasubiri, anabonyeza tena. Kila asubuhi, bila kukosa. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Lakini tangu toleo jipya lije, hakuonyesha upya hata mara moja. Mahali pa kuonyesha upya palikuwa na kitu kingine. Alikuwa akibonyeza kusimamisha, mfumo unamuuliza kama ana uhakika, anaghairi. Kesho yake vilevile. Mpaka Jumanne ile, alipoulizwa kama ana uhakika akakubali.

Kufuli alitafuta mwongozo wa toleo la zamani, akauweka kando ya skrini. Kwenye mfumo wa zamani kitufe cha kuonyesha upya kilikuwa juu kulia, chini ya sehemu ya kutafutia. Kwenye mfumo mpya, palepale, hata unene wa kidole haukuzidi, kulikuwa na kitufe cha kusimamisha.

Alijiuliza mtu anawezaje kubonyeza kitufe kilichoandikwa neno zima, jeupe juu ya rangi ya machungwa, akidhani ni kingine. Na swali lilipofika hapo halikuhitaji jibu. Aliona kidole ndani ya kikombe. Aliona miwani iliyokuwa kichwani. Aliona vile shangazi siku hizi anavyoshuka ngazi za nyumbani akipapasa ukuta, akisema anaona kama una unyevu. Kufuli aliinamisha kichwa juu ya meza na machozi yakamtoka bila sauti. Mtu ambaye kazi yake ni kuangalia wengine, na nyumbani hakuwa ameona.

Jumamosi alasiri walikuwa sebuleni wakikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Shangazi alikuwa na rundo la soksi mapajani, anazilinganisha kwa kuzipima unene kati ya vidole. Alikuwa amekwisha unganisha nyeusi na buluu jozi tatu nzima.

"Shangazi," Kufuli alisema, "macho yameanza lini?"

"Macho ya nani?"

"Yako."

Mikono ya shangazi iliendelea na soksi moja iliyokuwa tayari imekunjwa. Nje mtu alikuwa anavuta mlango wa chuma wa duka.

"Mwaka juzi," alisema mwishowe. "Yalianza kama ukungu wa bafuni. Unajua ukioga maji ya moto kioo kinavyokuwa? Nikawa nangoja kikauke. Hakijakauka."

"Na kazini unafanyaje?"

"Kazini sihitaji kuona." Alisema hivyo kwa majivuno kidogo, halafu majivuno yakamwishia. "Nilikuwa sihitaji. Nilijua kila kitu kilipo. Juu kulia kutafuta, chini yake kuonyesha upya, kushoto nafasi iliyobaki. Namba kubwakubwa naziona nikisogea. Mengine namwambia Mlingoti anisomee, najifanya namfundisha. Sasa hii sura mpya... Siku ya mafunzo niliona ukuta mweupe una madoadoa, mwanangu. Nikasema moyoni, nitazoea."

Kufuli alisogea akakaa chini, karibu na magoti yake, kama alivyokuwa akikaa kusukwa nywele. Alimweleza polepole. Pale chini ya kutafuta hakuna tena kuonyesha upya. Pana kusimamisha.

Kidole cha shahada cha shangazi kilisogea hewani, kikipima mahali. Kisha kikasimama.

"Kinatokea kiboksi," alisema. "Nikawa nakifunga. Siku ile nikadhani ni kile cha zamani, kile kinachouliza kama bado upo. Nikakiambia nipo." Alishika kifua. "Kumbe ni mimi. Wallahi nilimwambia mkuu si mimi, na ni mimi."

"Hukujua."

"Yule mtoto?"

"Mzima. Ile sarafu ilitoka yenyewe, wamekwisha kwenda nyumbani."

"Na Mlingoti je?"

"Bado nimemfungia." Shangazi alifumba macho yake yasiyomsaidia. "Mtoto wa watu," alisema. "Siku zote hizi amekaa pale pembeni yangu, nasikia anavuta pumzi tu. Na asubuhi ananiletea maji."

Baadaye, nguo zikiwa zimesahauliwa kwenye kochi, ndipo alipolisema lililokuwa likimkaa rohoni.

"Bibi yako alipoacha kuona, watu waliacha kumuuliza. Unakumbuka? Hapana, ulikuwa mdogo. Wageni wakija wananiuliza mimi, mama atakunywa chai? Na mama yuko hapohapo, masikio yake mazima kabisa. Nikaapa mimi sitakaa kwenye kiti kile. Nikaona nikisema tu, wataniambia asante kwa utumishi wako, nenda kapumzike. Na ruhusa yangu unaishika wewe. Nikasema, nimtwishe mtoto huyu mzigo wa kunifungia mlango? Bora nivumilie."

Kufuli alimshika mkono. Ulikuwa mkavu, una harufu ya sabuni ya unga.

"Jumatatu asubuhi nitaifunga ruhusa yako, shangazi. Nimeona nikuambie kabla, usije ukaikuta imefungwa."

"Ingekuwa ni mtu mwingine?"

"Ningeifunga Jumanne ileile."

"Basi umenipendelea."

"Nimekupendelea."

"Usirudie," shangazi alisema, lakini mkono hakuuondoa, na walikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ulipofifia, na kati yao wawili ni mmoja tu aliyeona kwamba umefifia.

Jumatatu shangazi hakutaka kusemewa. Alivaa gauni lake la kijani la mikutano, akaingia kwa mkuu, akaomba Mlingoti naye aitwe. Kufuli alibaki mlangoni. Bibi Ghala alieleza yote bila kupamba, macho na kitufe na kiboksi, na alipofika mwisho alimgeukia Mlingoti, ingawa alikosea kidogo upande na kumtazama begani.

"Umebeba aibu yangu wiki nzima," alimwambia. "Nakuomba radhi, mbele ya mkuu, na nikitoka hapa nitakuomba mbele ya wengine."

Mlingoti alijikuna shingo. Alikuwa na hasira, ilionekana, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kutua. "Bibi," alisema baadaye, "mimi nilikuwa na la kusema, nimelipanga tangu Jumanne. Sasa umeniharibia." Akavuta kiti akamsogezea akae.

Mkuu naye hakusalimika. Kufuli alimwambia waziwazi kwamba amri ya kumfungia Mlingoti na kumwacha mwenye akaunti haikuwa sawa, na kwamba yeye mwenyewe aliliona hilo akanyamaza. Mkuu alizungusha kalamu vidoleni muda mrefu. Mwisho akasema kuanzia leo lolote la Bibi Ghala lisipite kwake wala kwa Kufuli, liende kwa mkaguzi wa kitengo kingine kabisa, na Mlingoti afunguliwe saa hiyohiyo.

Ilibaki kufunga, na kwa kuwa Kufuli ndiye pekee aliyeweza kuondoa ruhusa, mkaguzi alikubali aifunge mbele yake. Shangazi aliomba kuwepo. Walikaa ofisini kwa Kufuli, viti vimegusana, mkaguzi kutoka kitengo kingine amesimama nyuma yao kama ilivyoamriwa. Kufuli alishika kipanya.

"Nisomee unachoondoa," shangazi alisema.

"Naanza na ya kuhamisha."

"Anza na ya kufuta. Ile ndiyo ya hatari, itoke kwanza. Halafu ya kusimamisha. Halafu ndiyo uje huko."

Kufuli alifuata. Ya kufuta ikaondoka. Ya kusimamisha ikaondoka. Kila moja aliisoma kwa sauti, na shangazi aliitikia "haya" kama mtu anayehesabu vyombo vinavyopakiwa wakati wa kuhama. Ilipobaki ya mwisho, Kufuli aliondoa mkono.

"Hii ya kutazama nakuachia."

Shangazi aligeuza uso. "Ya kutazama. Mimi. Ndiyo unayoniachia."

Bega lake likaanza kutikisika. Kufuli naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka wakashikana, mpaka yule mkaguzi aliyetumwa kuwa shahidi akatoka nje, kwa sababu hakujua kama inapaswa kuandikwa kwamba mwenye akaunti amecheka.

Daktari wa macho alikuwa ghorofa ya chini ya jengo lilelile. Alimpima Bibi Ghala kwa taa yake, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, ameiva vizuri na anatoka. Kisha akavua miwani yake. "Mama, umepita mlango huu kila siku unaenda kazini. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa siuoni," shangazi alimjibu.

Kusubiri zamu ya upasuaji kulichukua wiki kadhaa, na hakuna aliyemwambia akapumzike. Alihamishia kiti chake mezani kwa Mlingoti. Mlingoti anasoma kilichopo kwenye skrini, Bibi Ghala anamwambia maana yake na la kufanya, na wakati mwingine wanabishana mpaka chumba kizima kinanyamaza kusikiliza. Naye Kufuli katika siku hizo aliwaandikia waliotengeneza mfumo, akawapigia, akawasumbua mpaka kitufe cha kusimamisha kikahamishwa mbali, na ikawekwa kwamba hakuna hifadhi itakayosimama mpaka mtu wa pili, kutoka kompyuta nyingine, akubali kwamba isimame. Vilevile alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni yoyote. Kila mwenye ruhusa ghalani, alimfuata mezani kwake, akavuta kiti, akamuuliza anaendeleaje na mfumo mpya. Wa kwanza walidhani wamefanya kosa. Baadaye walianza kumwambia. Mmoja alikiri hajui kusoma jedwali la nafasi na anaona haya kuuliza. Fundi wa zamu alisema tangu apate mtoto hapati usingizi, na anaogopa mikono yake mwenyewe. Kufuli alisikiliza, na lile la kutania ruhusa ya kula likapungua kidogo, ingawa halikuisha.

Jicho la kulia lilifanywa kwanza. Asubuhi ya kutolewa bandeji Kufuli alikuwa ameshika mkoba wa shangazi kwa mikono miwili kama kuna mtu anataka kuuchukua. Muuguzi alifungua taratibu. Shangazi alipepesa, chozi likashuka, akapepesa tena. Alimwangalia muuguzi, akasoma jina lake kifuani herufi kwa herufi. Akaangalia dari. Mwisho kabisa ndipo akamwangalia Kufuli, na hapo jicho likatulia.

"Umekonda," alisema.

"Sijakonda, shangazi. Nimekua."

"Na hiki nini?" Aligusa pembeni ya jicho la Kufuli, palipoanza mikunjo midogomidogo. "Hiki hakikuwepo."

"Kipo siku nyingi."

Shangazi aliendelea kumtazama uso mzima, polepole, mashavu, paji, kidevu, mpaka muuguzi akalazimika kukohoa, kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa mwingine anasubiri kitanda.

Nyumbani ndipo kulipozuka kazi. Bibi Ghala alisimama mlangoni mwa sebule akaona utando kwenye kona, alama za vidole kwenye swichi, na kioo cha dirisha chenye vumbi la kulima.

"Tunaishi hivi?" aliuliza.

"Daktari amesema usiiname."

"Dirisha liko juu. Lete ndoo."

Alikubali kukaa kwenye kiti na kuelekeza, na Kufuli akasimama kwenye stuli na kitambaa. Kushoto. Juu zaidi. Hapo umeruka. Jua lilianza kupenya sehemu zilizosafishwa.

"Fomu ya kuomba ruhusa upya ninayo mezani," Kufuli alisema bila kugeuka. "Ukipona la pili, utajaza. Mimi sitaigusa, ataiangalia yule mkaguzi."

"Nitajaza ya kati. Kuongeza nafasi na kuhamisha."

Kufuli aligeuka. "Na ile kamili?"

"Ile mpeni Mlingoti. Nimeshamwambia mkuu. Yule sasa anaijua, na ana woga unaotakiwa." Shangazi alivuta kiti chake mbele kidogo, jicho moja likiwa wazi na jingine bado lina ukungu wake. "Mimi nitamkalia pembeni, akikosea nimwone. Hebu rudi kwenye pembe ile ya chini, mwanangu, bado kuna doa."

Kufuli alikamua kitambaa ndani ya ndoo, akapiga goti kwenye stuli, akalitafuta.